Baiskeli Badala ya Farasi

Tumbo lilianza kunisumbua nilipomzaa mtoto wangu wa mwisho. Nikila ugali na maharage mchana, mpaka jioni bado naviona vimekaa hapa chini ya kifua, kiungulia kinapanda kooni. Nafundisha historia sekondari, Kwaluguru, na mbweu zilikuwa zinanitoka mbele ya wanafunzi.

Hospitalini Korogwe walinipima, hawakuona vidonda. "Mama, chakula chako kinachelewa kusagika," daktari aliniambia. "Punguza chai ya rangi, kula kidogo kidogo, na uushughulishe mwili." Nikarudi na vidonge. Hilo la mwili nililiacha hukohuko.

Baadaye nikasoma kitabu cha historia ya tiba. Madaktari wa Ulaya wa karne ya kumi na nane walihangaika sana na ugonjwa kama wangu. Waliwatoa watu damu, wakawapa unga wa chaki na mizizi michungu, wengine wakawanywesha maziwa matupu. Na wapo walioshauri mgonjwa apande farasi kila siku, atikisike. Nikamsomea mume wangu.

"Farasi utampata wapi Handeni hii, Mwalimu?"

"Ipo baiskeli yako."

"Watu watasema."

"Waseme. Tumbo ni langu."

Nilianza na maziwa, nikiyanunua kwa jirani yetu Mmasai. Baada ya siku chache tumbo lilijaa gesi likawa gumu kama ngoma, nikayaacha. Damu na chaki sikuvigusa. Baiskeli ndiyo niliyoishikilia. Asubuhi, kabla ya vipindi, nilivaa suruali ndani ya gauni nikashika njia ya mashambani. Siku ya kwanza nilianguka kwenye mchanga. Wanawake waliokuwa wanakwenda kupalilia wakaninyanyua.

"Mwalimu, unakwenda wapi na haraka hii?" mmoja akauliza.

"Siendi popote. Natibu tumbo."

Wakacheka sana. Goti lilikuwa linavuja damu, nikajifuta, nikapanda tena. Kesho yake nikapita palepale, na keshokutwa, mpaka wakazoea kunisalimia tu.

Sijapona kabisa. Maharage ya usiku bado nayaogopa, na chai ya rangi naitamani kila nikisikia harufu yake. Lakini kiungulia kimepungua, na nasimama darasani bila kushika kifua. Ramadhani iliyopita tulialikwa kufuturu kwa shemeji. Nikala tende, nikanywa uji, nikaonja muhogo wa nazi, kisha nikanawa mikono.

"Umeshiba?" shemeji akauliza, amejaza sahani nyingine.

"Nimeshiba, shemeji."

Mume wangu aliivuta ile sahani upande wake akaendelea kula.