Bwana Staha na Kifungu cha Vyoo

Kila lugha duniani ina pazia lake la kufunikia shughuli ile. Bwana Staha alikuwa na mapazia ya kutosha nyumba nzima.

Jina hilo alipewa na wenzake wa wizara ya maji. Alilelewa na bibi yake, mwanamke aliyeamini kuwa mtoto mwenye adabu haendi chooni. Huenda kuangalia kama nguo zimekauka. Mjukuu akazing'ang'ania nguo hizo hadi utu uzima. Ofisini, kila akiinuka kwenye kiti, mhasibu wa meza ya jirani humuuliza, "Vipi mzee, zimekauka?" Naye hujibu kwa uso mkavu kabisa, "Bado bado."

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa akipanga bajeti ya vyoo vya nchi nzima! Kwenye karatasi hakuwa na mpinzani. Alijua shule ipi ina matundu mangapi na zahanati ipi haina hata moja. Lakini mbele ya kamati ya bajeti msemaji alikuwa mkurugenzi wake. Yeye hukaa nyuma na kumpenyezea vikaratasi. Mwaka ule mkurugenzi akalazwa hospitali wiki ya kikao, zamu ikamwangukia yeye.

Hilo peke yake angelimeza. Lililomkwama kooni ni kwamba mmoja wa wajumbe wa kamati alikuwa mama mkwe wake. Undugu wao ulikuwa umetangazwa na kuandikwa, sheria haikuwa na neno. Mwenye neno alikuwa Bwana Staha, ambaye tangu aoe hakuwahi kupiga hata chafya mbele ya mama huyo.

Asubuhi ya kikao mkewe alimkuta mbele ya kioo akihangaika na tai.

"Haya, mimi ndiyo kamati," mke akasema, akakaa kitandani na kukunja nne. "Hizi pesa ni za nini?"

"Ni za... kuboresha faragha ya mwananchi."

"Za kununulia mapazia?"

"Mke wangu, nawe!"

"Baba watoto, mficha uchi hazai. Sema choo."

"Nitasema."

"Sema sasa nikusikie."

Akatazama saa, akasema amechelewa.

Kikaoni, visima, pampu na mabomba vilipita kwa shangwe kama bibi harusi. Kila mjumbe alitaka kisima kwao, akizindue, apigwe picha akinywa glasi ya kwanza. Kilipofika kifungu cha vyoo, chumba kikapoa. Choo nacho huzinduliwa, lakini hakuna aliyewahi kuomba picha ya kuwa wa kwanza kukitumia.

Mjumbe mmoja, mfanyabiashara mwenye sauti kama honi ya lori, akataka nusu ya fedha hizo ihamishiwe kwenye pampu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, maji kwanza. Hayo mengine wananchi wanajua wenyewe pa kwenda."

Bwana Staha akasimama. Akaeleza umuhimu wa mahali pa kujisitiri, pale ambapo mwananchi anahitaji kuwa peke yake kidogo.

"Kama mimi nikigombana na mke wangu?" mfanyabiashara akauliza. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mwenyekiti akafunika kalamu yake. "Ofisa, kama huna la ziada, tunahamisha."

Bwana Staha akaikumbuka shule moja aliyowahi kuikagua, ambako wasichana hawanywi maji tangu asubuhi ili wasibanwe wakiwa darasani. Kifungu kikikatwa nusu, shule hiyo ingekuwa ya kwanza kufutwa kwenye orodha.

Hapo ndipo mama mkwe alipowasha kipaza sauti chake. "Mwenyekiti, mwenzangu anasema wananchi wanajua pa kwenda. Nataka ofisa aniambie ni wapi. Na aseme kama watu wanavyosema."

Akatafuta neno la kati, la heshima lakini lenye kueleweka, asilipate. Kumbe alikuwa na lugha mbili tu: ya bibi yake, na ya watoto wa mtaani waliokuwa wakimcheka utotoni. Ya bibi ilikuwa imemwishia.

"Wanakunya vichakani, mama," akasema, na vipaza sauti vikalibeba hadi mlangoni. "Mvua ikinyesha, mavi yanateremkia kwenye visima mlivyozindua. Ile glasi ya kwanza anayokunywa mheshimiwa kwenye picha..."

Mfanyabiashara akaisogeza glasi yake mbali. Mwenyekiti akagonga meza mara mbili. "Kifungu kinabaki kama kilivyo! Na ofisa asiendelee kufafanua."

Bwana Staha alikuwa koridoni akitafuta mlango wa nyuma mama mkwe alipomfikia.

"Shikamoo mama," akaviambia viatu vyake, kwa mara ya pili siku hiyo.

"Marahaba mwanangu. Kichwa unakiinamishia nini? Nimelea watoto saba. Hayo uliyoyataja nimeyaosha kwa mikono hii, na ya mke wako ndiyo yaliyokuwa mengi kuliko yote."

Simu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Kimebaki?"

"Kimebaki chote."

"Ulikitaja?"

"Nilipitiliza kidogo."

"Mbele ya mama? Yeye amesemaje?"

Bwana Staha akamtazama mama mkwe, aliyekuwa akicheka kwa mabega tu. "Atakuambia mwenyewe," akasema, akamkabidhi simu, na kushuka ngazi mbio kama aliyeiba kuku.