Ukoka Mbele ya Chumba cha Wazazi

Bwana Afya wa wilaya alisimama katikati ya chumba cha wazazi, suruali kaikunja mpaka magotini, tope likiwa limefunika vidole vyake vya miguu. Aliongea kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha.

"Ndugu muuguzi," akasema, "masika ijayo nikikuta tope humu ndani, nitakifunga chumba hiki. Si kwa kupenda. Mama hawezi kujifungulia kwenye bwawa."

Zahanati yetu ilikuwa ya kijiji kipya, juu kidogo ya reli, kati ya Kilosa na Munisagara. Wanakijiji waliijenga wenyewe kwa tofali za kuchoma, mwaka ule watu walipoteremshwa kutoka milimani kuja kukaa pamoja. Ili nyumba zipate nafasi, miti ilikatwa na ardhi ikakwanguliwa mpaka ikabaki nyekundu. Halafu chumba cha wazazi wakakiweka chini kabisa ya mteremko, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu na njia. Mvua ikinyesha, udongo wote wa kijiji ulikuwa unakuja kuzaa na sisi.

Nilijua kufungwa kwa chumba kile kungekuwa na maana gani. Kabla hakijajengwa, nilimzalisha mama mmoja kando ya reli, juu ya kokoto, akiwa njiani kwa miguu kwenda hospitali ya Kilosa. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Tangu siku ile kila nilipopita pale niligeuza uso upande wa pili. Sikuwa tayari kurudi kuzalisha juu ya kokoto.

Tulichimba mtaro, ukajaa udongo kwa mvua moja. Saruji ilikuwa haipatikani hata kwa dawa. Aliyenipa akili ya kupanda nyasi ni kaka yangu, aliyekuwa akitunza bustani ya nyumba moja ya wageni kule Mikumi. Nilikwenda kumsalimia, nikakuta uwanja wa kijani mbele ya vyumba, mvua imetoka kunyesha muda si mrefu, na mimi natembea na viatu vyangu vyeupe bila doa. Nikasimama pale nikiangalia viatu mpaka akadhani nimeumwa na siafu.

"Huu ni ukoka tu, mdogo wangu," akasema. "Ule ule wa shambani. Tatizo langu hapa si mvua, ni ngiri. Wanakuja kuufukua kama wameajiriwa."

Alinijazia magunia mawili ya mashina ya ukoka, akayalowesha maji, na kunipa masharti. Nikate vipande vyenye vifundo viwili vitatu, nifukie, jani libaki nje. Maji asubuhi na jioni. Usipite ufagio. Mguu wa mtu usikanyage kwa wiki sita. Alirudia masharti hayo mara tatu, kwa sababu ananijua.

Nilirudi Kilosa kwa lori, nimekalia magunia yangu. Kutoka mjini mpaka kijijini akina mama tuliopanda pamoja walitaka kujua nimebeba nini kinachonyweshwa maji njiani. Nilipowaambia, lori zima liliangua kicheko. Watu wale walikuwa wameinamisha migongo tangu utoto kung'oa ukoka kwenye mashamba ya mahindi, na huyu hapa nesi wa serikali ameufuata Mikumi kwa gari. Nilinuna mpaka tunateremka.

Nilipanda mwenyewe, siku tatu. Mwenyekiti wa kijiji alipita akauliza kwa nini nisipande mahindi, kwani wakati ule ilikuwa amri kila kipande cha ardhi kitoe chakula, hata nyuma ya choo. Nikamweleza kuwa shamba linalolimwa ndilo linalokwenda na maji. Akaguna, akaniachia. Mistari yangu niliinyoosha kwa kamba, kutoka juu kwenye mteremko moja kwa moja mpaka mlangoni, sawa kama mistari ya daftari. Nilijivunia mistari ile. Nikazungushia matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi, nikaacha kipito kimoja cha mawe.

Wiki ya pili vifundo vikaanza kutoa vijani vidogo, vyembamba kuliko uzi. Kila asubuhi, kabla sijafungua dawa, nilichuchumaa kuvihesabu. Mvua ndogo ikanyesha siku moja, nikakuta ulimi wa tope jekundu juu ya kizingiti. Nikasema ni mtu kaja na viatu vichafu, nikaufuta.

Wiki ya nne akaja bibi mmoja kutoka ng'ambo ya kilima, amemleta mkwe wake. Uchungu ulikuwa umemshika binti yule tangu jana yake, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Sitaeleza yote. Ilikuwa kazi, nililowa jasho mpaka kwenye viatu, na mchana mtoto wa kiume akatoka akiwa kimya, kisha akalia. Bibi, aliyekuwa amekaa ukutani nje, aliposikia sauti ile alinyanyuka, akaingia, akamtazama mjukuu, akanitazama mimi. Akatoka.

Kesho yake nilipaswa kwenda mjini kuchukua dawa. Nikamwachia mhudumu wa zahanati funguo, nikamwonya juu ya maji ya ukoka, nikaenda kudandia treni. Nilirudi siku iliyofuata, saa sita mchana.

Uwanja ulikuwa mwekundu. Hakuna jani. Umelimwa, umesawazishwa, umefagiwa, na alama za ufagio zimepangwa vizuri kama nywele zilizosukwa. Miiba imewekwa pembeni. Juu ya jiwe kubwa, kwenye jua, kulikuwa na chungu ya ukoka wangu wote, umekung'utwa udongo. Bibi na wanawake wanne wa nyumbani kwake walikuwa wamekaa kivulini na majembe yao, wanapumzika, nyuso zimejaa raha.

"Nesi, tumekusafishia," akasema mmoja.

Nilipandwa na hasira nikashindwa kujizuia. Niliwauliza nani kawatuma. Niliwauliza kama wao wakiona jembe hawawezi kutulia. Nilisema chumba sasa kitafungwa na wao ndio waliokifunga, na wakazalie relini. Mengine niliyoyasema siyaandiki, maana nilikuwa nikimwambia mtu wa umri wa bibi yangu. Mhudumu alikuwa amejificha stoo.

Bibi alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kwanza hujaniamkia," akasema.

Ni kweli. Nilikuwa nimeingia kwenye uwanja wenye watu wazima nikaanza kufoka bila salamu, mimi niliyelelewa vizuri na mama yangu kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Aibu ikanipanda usoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa niambie, tumeharibu nini?"

Nikamweleza. Juu ya Bwana Afya, juu ya tope, juu ya kaka na magunia. Katikati ya maelezo nikaanza kulia, na si kulia kwa staha. Wanawake wale wanne wakaangalia chini. Bibi akachezea mpini wa jembe lake.

"Sisi hatuna cha kukupa," akasema. "Umempa mkwe wangu uhai, na mtoto. Kwetu mtu akikutendea hivyo, unamwendea shambani unampalilia. Nilipoona mlango wako umeota nyasi, nikasema huyu binti hana watu." Akaonyesha kilimani kwa kidole. "Halafu nyumba yangu kule juu, tuliyoiacha, sasa ina ukoka mpaka mlangoni. Nilipita mwezi uliopita, nikashindwa kuingia. Mlango wenye nyasi ni wa watu walioondoka, nesi. Sikutaka mjukuu wangu atoke nje mara ya kwanza kwenye mlango wa namna hiyo."

Hasira yote ilinitoka, nikabaki na huzuni na kiu. Nilikuwa nimeishi na watu wale miaka mitatu, najua watoto wao kwa uzito, na sikuwa nimemweleza hata mmoja nyasi zile ni za nini.

Bibi alinyanyuka, akaenda kwenye jiwe, akaingiza mkono katikati ya ile chungu ya ukoka, akatoa shina. Juu ulikuwa umekauka, lakini ndani bado kulikuwa na ubichi.

"Huu?" akasema. "Nimepigana nao tangu sijaota matiti. Haujawahi kukubali kufa. Leteni maji."

Kisha akaenda kusimama juu ya mteremko, akatazama chini mpaka mlangoni, akauliza nani alinifundisha ile mistari. Alikuwa bado anaikumbuka. Nikasema nimejifundisha mwenyewe.

"Umeyachorea maji njia ya kuingia ndani," akasema, na wale wengine wakashindwa kuzuia kicheko. Nikakumbuka ule ulimi wa tope juu ya kizingiti.

Watu wa milimani wamelima miteremko tangu mababu zao, na hakuna mmoja wao angepanda kitu kikielekea chini. Alasiri ile tulipanda upya sote sita, kwa kukingama mteremko, mstari juu ya mstari, na kila mstari ukawekewa tuta dogo la kuyazuia maji yapumzike. Bibi alipanda kwa karibu karibu kuliko kaka alivyosema. Alikuwa akiufukia ukoka huku anautukana kwa Kisagara, na wenzake wakicheka, nami sikuhitaji tafsiri. Jua lilipokaribia kilima, uwanja ulikuwa umejaa vijishina vilivyonyauka, vya kusikitisha kuviangalia, lakini viko ardhini, na miiba imerudishwa. Nililala nikiwa na nafuu ambayo sikuwa nimestahili.

Haikuishia hapo, maana Februari jua lilikuja kali. Ni bibi tena aliyepitisha sheria, bila kuniuliza. Kila anayekuja kumuuguza mtu wake, aje na kibuyu cha maji, na kabla ya kuingia akimimine kwenye mstari atakaoonyeshwa. Watu walitii. Ukoka wangu ulinyweshwa na maji ya vijito vya kila kilima kilichotuzunguka. Kufikia mwisho wa mwezi mashina yalikuwa yanatambaa na kuvuka kutoka mstari hadi mstari, na nilipojaribu kuvuta moja halikutoka. Nilivuta tena kwa mikono miwili. Halikutoka. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Masika ikaingia kwa kishindo. Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta nikiwa na mama wawili ndani, mmoja amejifungua na mwingine bado. Niliyasikia mabati yakipigwa mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Kila nilipopata nafasi nilikwenda mlangoni kutazama kizingiti, roho juu. Maji yalikuja, mengi, yakashuka kwenye mteremko, yakafika kwenye nyasi, yakapunguza mwendo, yakatandazika. Yaliyopita pembeni ya ukuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, si tope. Kizingiti kililowa. Sakafu haikulowa. Niliupitisha mkono chini ya kitanda, kwenye kona ambako kila mwaka tope lilikuwa likianzia, nikautoa mkavu. Nilikaa chini palepale sakafuni, na yule mama ambaye hajajifungua bado akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimepona.

Bwana Afya alikuja mwezi wa sita, na viatu miguuni. Akaingia, akainama, akachungulia kona, akapitisha kidole ukutani kutafuta alama ya maji. Akauliza nani aliyepanda. Nikamwambia ni bibi mmoja wa ng'ambo ya kilima. Akaandika kitu kwenye daftari lake na kusema chumba kitaendelea. Alipoondoka nilifungua madirisha yote mawili.

Siku ya kliniki iliyofuata bibi alikuja na mkwe wake na mtoto. Nilimwamkia mapema, kabla hajafika kwenye miiba. Nikamweleza habari ya Bwana Afya, nikaliondoa tawi la miiba njiani, nikamwambia wiki sita zimekwisha zamani, karibuni mkanyage. Wengine walisita. Bibi alivua malapa yake, akayashika mkononi, akakanyaga. Akatembea mpaka katikati, akasimama hapo kwa muda, akiutazama mlango. Sikujua anaona mlango upi, wangu au ule wa kule juu, na sikumuuliza. Kisha akamchukua mjukuu kutoka mgongoni mwa mama yake, akamketisha kwenye ukoka. Mtoto alikuwa ameanza tu kukaa. Aliyumba, akajishikilia kwa nyasi, akazivuta kwa ngumi zote mbili kwa nguvu zake zote.

Bibi akamchapa kidogo kwenye kiganja.

"Acha!" akamwambia. "Hapa hapapaliliwi."