Simu Iliyoanikwa Pamoja na Kahawa

Admin, naomba unifichie jina. Mama yangu hana habari na mitandao, ila majirani zake wana watoto, na hao watoto hawana dogo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, fundi cherehani, naishi Lemara hapa Arusha. Mama yuko juu mlimani Meru na kahawa na migomba yake. Baba alishafariki. Tulizaliwa watatu: mimi, akafuata Elia, halafu kitinda mimba wetu Yona. Majina nimebadilisha. Elia ndiye aliyebaki nyumbani na mama, na kila asubuhi alikuwa anasimama mlangoni kwake kumwamkia, hata kama jana yake walilala wamenuniana.

Elia aliugua figo. Alipojua hatapona, alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria kamwe. Alichukua kisimu cha batani cha mama akajirekodi: "Shikamoo mama. Umeamkaje? Mimi niko salama, amka ukanywe chai." Basi. Tulipomaliza kumzika, mama akawa kila asubuhi anabonyeza pale alipofundishwa, anasikiliza, halafu anaitikia kwa sauti, "Marahaba mwanangu." Mwanzoni niliogopa, nikajua mama anachanganyikiwa. Baadaye nikaelewa kwamba hicho ndicho kinachomtoa kitandani. Sote tuliisikia ile sauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuihamishia mahali pengine. Eti sisi ndio wasomi wa familia!

Sasa msimu huu mama alikuwa anaosha kahawa, simu ameivaa shingoni kwa kamba kama kawaida yake. Akainama, kamba ikakatika, simu ikazama kwenye sinki la maji ya kuoshea kahawa. Hakupiga kelele wala hakumwambia mtu. Alifanya anachokijua. Akaifuta kwa khanga, akaenda kuianika kwenye kichanja katikati ya kahawa, juani. Jua likiwa kali anaifunika na turubai isipasuke, likipoa anaifunua na kuigeuza upande wa pili. Mimi nacheka na kulia hapa ninapoandika.

Wenzangu mliokulia kwenye kahawa mnajua, kahawa huwezi kujua imekauka kwa kuiangalia tu. Unachukua punje unaing'ata. Ikiwa bado laini unairudisha. Mama na simu akafanya hivyo hivyo: kila baada ya muda anaitoa kichanjani, anaiwasha kuona kama imekauka. Mara ya kwanza iliwaka. Akabonyeza pale pake, Elia akasema "Shikamoo ma..." na simu ikazima. Mama akafurahi sana, akaona kazi inaenda vizuri, imebaki kidogo tu. Akairudisha juani. Akaiwasha tena. Na tena. Na tena.

Nilipopanda kumsalimia ndipo akanikabidhi, imefungwa kwenye leso safi. "Imeshakauka kabisa, mwanangu," akaniambia. "Nadhani ni betri tu. Mpelekee fundi huko mjini."

Nikaipeleka. Fundi akaifungua, ndani kuna ukungu wa kijani na maganda ya kahawa. Akaisafisha kwa spiriti, akahangaika nayo, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake hakunitazama usoni. "Dada, sikufichi," akasema. "Maji tu yasingeiua. Ingetolewa betri ikaachwa, tungeweza kupata vitu vyake. Lakini hii imewashwa ikiwa na maji, tena si mara moja. Pale vitu vinapohifadhiwa pameungua. Nani alikuwa anaiwasha?"

Nikaichukua simu nikaondoka. Nikapeleka kwa fundi mwingine, akaniambia yale yale. Nimelia mpaka wateja wananiuliza nimefiwa na nani, na sijui niwajibu nini, maana ni yule yule.

Yona, mdogo wangu, ana sauti ya Elia. Tangu zamani watu walikuwa wakipiga simu nyumbani hawajui wanaongea na nani. Nilipomweleza, akatafuta simu kama ile ya mama, mpaka rangi ni ile ile, akajirekodi maneno yale yale. Akaniletea, akasema, "Dada, mpelekee hii. Unataka mama afe kwa kujua kwamba ni yeye aliyeiunguza?"

Nikamfokea. Nikamwambia huo ni uchuro, huwezi kumsemea marehemu salamu. Alipoondoka nikaiwasha nisikilize. Jamani, nywele zilinisimama. Nilisikiliza mpaka mwisho na nikairudia. Halafu nikaona aibu, kwa sababu kwa muda kidogo nilikuwa nimefurahi.

Lakini yule ni mama yake Elia. Akisikia pumzi tu si atajua? Na akishajua, atatuamini tena kwa lolote? Na nisipompa, nitamwambia nini? Mama si mjinga, ataniuliza imeharibikaje, na mimi kumdanganya mama usoni sijawahi kuweza.

Leo asubuhi kapiga kwa simu ya jirani. Hata salamu hakunimalizia, akauliza fundi amefikia wapi. Nikasema bado kidogo. Akacheka, kile kicheko cha kuridhika. "Mwambie asiwe na wasiwasi, maji hayamo," akasema. "Mimi nilikuwa naijaribu kila saa. Nisingekuwa naijaribu ingeozea pale."

Kesho napanda Meru. Simu zote mbili ziko kwenye pochi, moja imekufa na moja inaongea. Najua nikifika tu, kabla sijakaa, mama atanyoosha mkono.

Nishaurini ndugu zangu. Nimpe ipi?