Kucheza Maneno na Kijana Wangu

Kijana wangu aliponiwekea mchezo wa maneno kwenye simu, nilijua ananifunga mdomo kistaarabu. Alikuwa amekuja kwangu Stafford, kando ya Houston, kunisalimu kutoka kwake Mansfield, mwendo wa saa nne kwa gari, na muda wote alikuwa akitazama saa. "Mum, this way we talk every day," akasema. Mimi naweka neno, yeye anaweka lake, na pembeni kuna kisanduku cha kuandika ujumbe mfupi nikitaka. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka kupiga simu isiyoshikwa.

Mchezo wenyewe ni wa Kiingereza na hakimu ni mashine. Unapewa herufi, unatafuta neno. Nimefanya uuguzi Houston miaka mingi, Kiingereza cha dawa na vidonda ninacho cha kutosha, lakini ukinipa V mbili na I tatu nabaki nimekodoa macho. Siku za mwanzo niliweka sukuma, mboga niliyomlea nayo huyo kijana. Mashine ikakataa. Baadaye nikaweka safari, ikapokea mara moja. Yaani neno letu halihesabiwi mpaka mtalii alibebe! Niliudhika kama mtu aliyetukanwa dukani.

Basi nikapata tovuti moja, unaiandikia herufi zako nayo inakutemea maneno yote yanayoweza kutoka humo. Nikitoka zamu asubuhi, kabla hata sijavua viatu, naketi mezani kutafuta: maneno yenye Z, maneno yanayoishia na X, maneno yenye Q ambayo haifuatwi na U. Mengi sikujua maana yake na wala sikujali. Shida yangu ilikuwa moja tu, kijana wangu asije akaona mchezo na mama yake hauna ladha akauacha.

Naye alikuwa akijibu. Kila siku! Wenzangu wa kanisani walilalamika jinsi watoto wao walivyowatupa, mimi nikawa najidai rohoni. Siku moja aliweka home, nikakaa nikilitazama mpaka chai ikapoa. Mjinga mimi.

Halafu nikapata uvimbe kwenye titi. Kazi yangu ni kuwatuliza wagonjwa wa namna hiyo, lakini ulipokuwa wangu nilikimbilia simu. Nikampigia, hakushika. Nikaandika kwenye kile kisanduku, kwa Kiingereza ili asome haraka, kwamba nimetolewa kinyama cha kupimwa na ninaogopa. Jibu lilikuja pale pale: nisiogope, ananiombea, nimweleze kila kitu. Tukaandikiana hivyo mpaka matokeo yakatoka, na yalikuwa mazuri. Akaandika kwamba amepiga magoti kumshukuru Mungu. Nililia kwa furaha. Kijana asiyekanyaga kanisa, kupiga magoti kwa ajili yangu!

Sikukuu ya shukrani ilipofika nikaendesha gari hadi Mansfield na sufuria ya pilau kwenye kiti cha nyuma. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba akichoma nyama. Mimi nilikaa sebuleni na mkewe, Mkongo wa Uvira, mtu mpole ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tukisalimiana tu na kuishia hapo. Nikaona ngoja nimchokoze mumewe, nikaweka neno langu mchezoni. Simu iliyolia ilikuwa ile iliyo mapajani mwa mkwe wangu.

Alitaka kuificha chini ya mto, kisha akaona haina maana.

"Mama, usikasirike," akasema. "Ni mimi njo nilikuwa nacheza. Yeye alichoka juma ya kwanza. Akaniwekea jina yake kwa simu yangu, akasema nikuwe najibu, usione uchungu."

"Na mambo ya ugonjwa?"

"Ni mimi. Nilimuambia, mama ni mugonjwa, umupigie. Akasema wewe ni nurse, unajua mambo yako."

Nikamwuliza alikuwa akiyatoa wapi yale maneno magumu. Akanionyesha tovuti. Ilikuwa ile ile yangu. Wanawake wawili ambao Kiswahili kimewajaa mdomoni, tulikuwa tumeshinda miezi yote hiyo tukiiomba mashine maneno ya Kiingereza, na mwanamume tuliyekuwa tukihangaika kwa ajili yake hakuwepo hata kidogo. Yule binti ndiye aliyepiga magoti. Nikamshika mkono, nikamwambia asante, na machozi yakamtoka yeye badala yangu.

Kwa upande wangu nilikuwa na hasira tu. Nilimchukia mwanangu. Mama haruhusiwi kusema hivyo, najua, lakini pale kwenye kochi lake nilimchukia, na sitalifuta neno hilo hapa.

Mlango ukafunguliwa akaingia na sinia la nyama, ananukia moshi, uso umejaa tabasamu lile lile la utotoni. Aliona simu mkononi mwangu na ubao wa mchezo umewaka.

"Still winning, Mum?" Akainama akanibusu kwenye paji la uso. "You know I've been letting you."

Mkewe aliangalia sakafu. Nikamwambia mwanangu asante, nikavuta miguu yangu ili apite na nyama yake.