Ngitili ya Nyuma ya Nyumba

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Dutwa. Nyuma yake baba alikuwa na ngitili, malisho ya akiba. Mvua zikianza aliifunga kwa matawi ya miiba, na ng'ombe hawakukanyaga humo hadi nyasi za kwingine ziishe. Hata kiangazi kikiwa kikali, hakufungua kwa kutazama mbavu za ng'ombe. Alichuma suke la nyasi, akalisugua kiganjani, akapuliza. Mbegu zikibaki, tulirudi nyumbani. Zikiwa zimeshapukutika ardhini, aliondoa miiba. Harufu ya kiganja kile, nyasi kavu na tumbaku, ninayo hadi leo.

Njia ya kwenda lamboni, ng'ombe walikonywa maji, nayo aliihamisha kila mwaka. Ng'ombe walikuwa wabishi. Walikwenda kusimama mbele ya miiba kwenye njia ya zamani, kama watu waliokuta duka limefungwa.

Baba alipofariki, ng'ombe walibaki kwa kaka yangu. Kiangazi kimoja kibaya aliwahurumia, akafungua ngitili wakati masuke bado yana mbegu. Walishiba wiki chache. Mvua iliyofuata ilikuta ardhi tupu na njia moja tu ya kwato, ikashuka nayo. Mwaka wa kwanza njia hiyo ilikuwa mfereji ambao hata kuku waliuruka. Leo ni korongo, na kila masika linapanda kuelekea jiko la mama.

Mimi nafanya kazi Bariadi mjini. Kila nikienda nyumbani nahesabu hatua kutoka mlango wa jiko hadi ukingoni. Zilikuwa kumi na tisa, zikawa kumi na moja. Mwaka jana zilikuwa saba. Nikamwomba mama ahamie kwangu, akacheka: kwangu atapikia wapi, juu ya meza? Jiko lile alilijenga baba, na yeye hatoki. Nikamwomba kaka aifunge tena ngitili, akasema ng'ombe hawawezi kusubiri nyasi ambazo hazijaota. Mama alikuwa anapepeta choroko, hakuinua macho.

"Uliwahurumia ng'ombe," alimwambia. "Sasa nihurumie na mimi."

Kesho yake asubuhi nilimkuta kaka anakata miiba. Tukafunga mteremko wote, njia ya lambo tukaizungusha mbali, kando ya shamba la pamba. Jioni ng'ombe walisimama mbele ya miiba wakishangaa, vilevile kama zamani, na mama akatoka jikoni kuwatazama.

Mvua za mwaka huu zimekwisha. Nimepima tena: hatua saba. Nyasi zimeota mabakamabaka, hazifiki gotini. Za baba zilitufika kifuani, ingawa nasi tulikuwa wafupi. Kaka alichuma suke, akalisugua, akapuliza, kisha akanifungulia kiganja nione.

Mbegu bado zilikuwamo. Tukarudi nyumbani kula.