Nilimpa mwenyekiti u-admin wa database kwa kumheshimu, wajane wakapoteza mashamba ya mwani

Wakuu, habari za humu ndani.

Hili nimelikalia muda mrefu. Naandika nilichokiona na nilichokifanya mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nilikuwa mtu wa data kwenye mradi mdogo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari, Mafia. Mimi ni wa bara, kisiwani nilifuata ajira. Kazi yetu ilikuwa kuandikisha kaya za kisiwa jirani cha Juani zinazolima mwani: nani ana shamba, na liko wapi. Database ilikuwa cloud, yaani mtandaoni, ofisi Kilindoni.

Ruhusa nilizipanga vizuri. Makarani wanaingiza, hawafuti. Kamati ya kijiji wanaangalia tu. Admin, mwenye uwezo wa kubadili na kufuta, mimi peke yangu.

Siku ya kuwaonyesha kamati, mwenyekiti wao, Mzee Shomari, akajaribu kurekebisha jina lake. Simu ikamkatalia.

"Mzee, wewe umewekewa kuangalia tu," nikamwambia.

"Kijiji changu mwenyewe, naangalia kama mgeni?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akamchokoza, "Mwenyekiti, mpigie shikamoo huyu kijana, labda atakufungulia."

Niliona aibu. Mzee ni wa umri wa baba yangu. Nikampa u-admin palepale, nikijiambia nitampunguzia nikirudi ofisini.

Sikumpunguzia. (Wale wa IT najua mnatikisa kichwa. Tikiseni tu.)

Mzee hakuwa na nia mbaya. Orodha ilikuwa ikisomwa kwa sauti mkutanoni, na majina ya marehemu bado yalikuwamo. Yakitajwa, wajane wanalia. Basi siku moja, baada ya hitma, akakaa na simu yake akawafuta marehemu wote, mmoja mmoja, huku akiwaombea.

Sasa, kila kaya nilikuwa nimeisajili chini ya jina la mume. Ukilifuta hilo, mke, watoto na shamba vinaondoka nalo.

Tuligundua baada ya miezi miwili, mashamba yasiyo na mwenyewe kwenye orodha yakiwa yameshagawiwa watu wengine. Backup zetu, nakala za akiba, zilikuwa zinatunzwa wiki mbili tu. Fomu za karatasi tulishazichoma, tukijisifu tumeingia digitali.

Bi Siti, mmoja wa wale wajane, alivuka kuja ofisini. Alikuta mtu mwingine anafunga kamba za mwani kwenye shamba lake. Nikatafuta jina lake. Hakuna.

"Kwa hiyo mume wangu alipokufa, na mimi nikafa?"

Nikatafuta kwa jina la mumewe. Nalo halipo.

"Nani kanifuta?"

Log, kumbukumbu ya nani kafanya nini, ilionyesha jina la mwenyekiti. Lakini ruhusa niliitoa mimi.

"Mimi, mama."

Akavuta kiti, akakaa. "Haya, niandike tena."

Nikamwandika, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Penye shamba nikaacha wazi, kwa sababu hana.

Mzee Shomari nilimwondolea u-admin wiki ileile.

Nilichojifunza: mzee mpe salamu na kiti cha mbele, ruhusa ya kufuta baki nayo. Na mwanamke msajili kwa jina lake.

Kama yupo aliyewahi kurudisha data baada ya backup kuisha muda, aniambie hapa. Nimeshauliza kwingi nikaambiwa haiwezekani, ila nitasoma kila comment.