Baba Alipoingia Bwawani

Nyumbani kwetu hakuna aliyejua kuogelea, na sababu ilikuwa baba. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa mfongo, mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani na kuyapitisha kwenye vihamba vyetu, mashamba ya ukoo ya kahawa na migomba. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji, na yeye ndiye aliyewafukuza watoto waliothubutu kuchovya hata miguu. Nilipokuwa na miaka minane alinichapa kwa kosa hilo. Nikamuuliza, huku nalia, mguu mmoja unaharibuje maji. Akasema, "Chini yako kuna mtu anakunywa." Nikamuuliza ni nani. Akaniongezea fimbo.

Mwaka niliorudi kutoka chuo kikuu, nikiwa na shahada na bila kazi, magoti yake yalikuwa yamekwisha. Daktari alituonyesha kwenye picha jinsi mifupa ilivyokuwa inasagana. Baba hakuweza tena kwenda kanisani kwa miguu, lakini lililomuuma zaidi ni kushindwa kupanda hadi kwenye banio, kule maji yanakochepushwa kutoka mtoni, siku ya kusafisha mfongo. Wenzake walimwambia abaki nyumbani, watamletea habari. Aliacha kulala vizuri. Akawa mtu wa kukaa kwenye kiti na kugombana na redio.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamshauri aogelee. Maji yanabeba uzito wa mwili, alisema, kwa hiyo misuli inafanya kazi bila goti kuumia. Moyo unapata nguvu, usingizi unarudi. Nilimuuliza ushahidi uko wapi. Baba akanifinya mkono.

Mara mbili kwa wiki tulishuka mjini na gari la jirani aliyepeleka ndizi sokoni Kiboriloni. Bwawa lilikuwa nyuma ya hosteli moja, na mwalimu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Tanga.

"Shikamoo, mzee. Karibu majini."

"Marahaba." Baba alisimama ukingoni na kaptula yake ya zamani, akikagua kuta za bwawa kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. "Maji haya yakitoka hapa yanaenda kwa nani?"

"Hayaendi popote, mzee."

"Kila maji yanaenda kwa mtu."

"Haya yanasafishwa na mashine, yanarudi humu humu."

"Kwa hiyo hakuna anayeyanywa?"

"Labda wewe, ukizama mdomo wazi."

Baba alicheka mpaka akalazimika kushika chuma cha ngazi. Akashuka kidato kimoja kimoja, kwa uso wa mtu anayeiba. Maji yalipomfika kifuani alitembea hatua tano, akasimama, akanigeukia.

"Mbona siumii?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Mwanzoni alitembea tu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Baadaye mwalimu akampa ubao wa kuelea, akawa anapiga maji kwa miguu huku mwalimu akimtania, "Watu wa mlimani bwana, maji mnayo tele, mnayatazama tu!" Naye anamjibu, "Njoo uoge kwetu asubuhi kwa baridi ile, tukuzike jioni." Baada ya miezi miwili nilimkuta bandani anawakatia ng'ombe majani, amesimama. Alikuwa analala. Aliniuliza habari zangu na kusubiri nimalize kujibu.

Alasiri moja tulikaa kwenye benchi kando ya bwawa, anajifuta kwa taulo. Akasema magoti yanaota upya, anasikia kabisa. Siku ya kusafisha mfongo mwaka huu atapanda mwenyewe hadi banioni.

Nikamsahihisha. Nilimwambia gegedu, ule utando laini kati ya mifupa, ikishakwisha hairudi. Nikamwambia maji yanamwondolea uzito akiwa ndani tu, akitoka yeye ni yule yule. Nikaongeza kwamba huenda nafuu anayoisikia inatokana na kutoka nyumbani na kupata wa kutaniana naye. Niliyasema kwa sauti ile ile niliyotumia kwenye semina chuoni, na kama kule kwenye semina, nilifurahia kushinda.

Baba alikunja taulo. "Kumbe," alisema.

Wiki iliyofuata alikuwa na mafua. Iliyofuata, ng'ombe alikaribia kuzaa. Halafu jirani akapita na ndizi zake, baba akampungia mkono kutoka kwenye kiti. Nilipomsihi turudi bwawani alinitazama bila hasira. "Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Mambo niliyomwambia kuhusu gegedu yalikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba misuli inayopata nguvu majini inaendelea kulibeba goti hata nchi kavu. Nilikuwa nimelisoma hilo. Sikulitaja, kwa sababu lingeilegeza hoja yangu.

Wenzake walipanda banioni bila yeye. Akaacha kwenda bandani, akaacha kanisa, mwishowe akaacha hata kugombana na redio. Mwaka jana, mvua za masika zilipoanza, moyo wake ulisimama. Sisemi kwamba kuogelea kungemwokoa. Sina njia ya kujua, na nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko swali lolote maishani mwangu.

Tulimzika kihambani, katikati ya migomba. Mwalimu wa kuogelea alisikia msiba kwa jirani, akapanda kutoka mjini na viatu visivyofaa kwa tope letu. Baada ya kuwapa pole wakubwa alinivuta pembeni.

"Mzee alikuwa amebakiza kidogo tu awe muogeleaji," alisema. "Mara ya mwisho alivuka bwawa bila ubao, wewe ulikuwa unasoma kwenye benchi. Akaniambia nisikuambie, anataka kukushtukiza. Kwa nini aliacha?"

Nikamjibu kwamba alichoka.

Akatikisa kichwa. "Uzee," alisema, akanishika bega.

Nikaitikia kwamba ndiyo, uzee.